Njia nne za kulea ushirika wa wafanyakazi: ipi inalifaa kundi lipi?

Katika miji ya Marekani ambako wakimbizi wa Kongo na wasemaji wengine wa Kiswahili wamehamia, kuna kikao kinachojirudia kwa namna ileile: ukumbi wa kanisa au sebule ya mtu, chai ya maziwa mezani, na watu ishirini hivi wanaohudumia wazee majumbani, kusafisha ofisi au kufungasha mizigo ghalani, wakiulizana kwa nini wasiimiliki wenyewe biashara wanayoitolea jasho. Kuchanga fedha si jambo geni kwao, kwani wengi walicheza upatu hata walipokuwa kambini. Kinachowagawa ni swali la kuanzia: waanze na mafunzo, au mtaji, au mteja? Na mashirika yanayojitokeza kuwasaidia hayana jibu moja, kwa sababu kila moja limejifunza kazi hii kwa njia yake.

Kabla ya kulinganisha njia hizo, ni vizuri kuliondolea neno lenyewe vumbi. Mtu aliyekulia Kilimanjaro akisikia ushirika hukumbuka KNCU, chama cha wakulima wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933, na pengine hukumbuka pia mwaka 1976, serikali ya Tanzania ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika vya mazao. Mkenya wa mjini hukumbuka sacco za matatu, ambazo wanachama wake ni wenye magari huku dereva na kondakta wakibaki vibarua. Ushirika wa wafanyakazi ni kitu kingine. Mwanachama ni yule anayefanya kazi humo, ana kura moja hata kama mwenzake ametangulia miaka kumi, na ziada ya mwaka hugawanywa kwa kipimo cha kazi aliyoifanya kila mmoja, aghalabu saa zake. Mwenye fedha asiyefanya kazi humo anaweza kukopesha, lakini hawi bwana wa nyumba.

Nimechagua mifano minne, yote ikiwa imekusudiwa watu wa kipato cha chini, na kila mmoja ukiwa umeanzia mahali tofauti: wa kwanza ulianza na kazi iliyokuwapo tayari, wa pili na mteja mkubwa, wa tatu na wazo la washiriki wenyewe, na wa nne na ujuzi ambao watu walikuja nao kutoka kwao.

Kuanza na kazi: Cooperative Home Care Associates

Ushirika huu ulianzishwa mwaka 1985 huko South Bronx, New York, ukiwa na wahudumu 12 wa majumbani. Umekua hata kufikia wafanyakazi wapatao 2,000, wengi wao wanawake Walatino na Weusi, na kwa miaka mingi umetajwa kuwa ushirika mkubwa kuliko yote ya wafanyakazi nchini Marekani. Waasisi wake hawakubuni bidhaa mpya. Waliitazama kazi iliyokuwa ikifanywa na maelfu ya wanawake wa mtaa huo, kazi ya kumwogesha mzee, kumpikia na kumkumbusha dawa, ambayo kwa kiasi kikubwa hulipiwa na Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, wakauliza ingekuwaje kama kampuni inayopokea fedha hizo ingekuwa mali ya wanaoifanya kazi.

Mafunzo ndiyo mlango wa kuingilia. Mtu asiye na cheti hufundishwa bure kwa takribani mwezi mmoja, kwa Kiingereza au Kihispania, kisha huajiriwa. Anafundishwa kazi ya mikono, lakini anafundishwa pia namna ya kuzungumza na mgonjwa mkali, na namna ya kumweleza msimamizi tatizo bila kugombana wala kulinyamazia. Akishaingia kazini hupata wahudumu wenzake wazoefu wa kumshika mkono, na hapo ndipo njia hii inapozishinda nyingine zote: msaada hauishii siku ya kupokea cheti. Umiliki huja baadaye na si lazima. Hisa ni dola 1,000, lakini mhudumu hutanguliza dola 50 tu, na zilizobaki hukatwa kidogokidogo kwenye mshahara, dola 3.65 kwa wiki, kwa muda wa miaka mitano hivi. Dola tatu na senti kadhaa kwa wiki ni kiasi kinachoweza kubebwa hata na mama anayetuma fedha Bukavu kila mwezi.

Kuna jambo la mpangilio ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kazi ya kufundisha iliwekewa shirika lake lisilo la faida, PHI, mwaka 1991, ili misaada ya wafadhili ilipie mafunzo na utafiti huku ushirika wenyewe ukiishi kwa mapato ya huduma. Mfuko wa shule haukuchanganywa na mfuko wa duka. Makundi mengi madogo huanguka hapa: ruzuku ya mafunzo inalipa mishahara kwa mwaka mmoja, watu wanadhani biashara imesimama, kisha ruzuku inakwisha na ukweli unaonekana.

Udhaifu upo, nao ni wa kweli. Takribani nusu tu ya wafanyakazi ndio wamiliki. Kuwakutanisha watu 2,000 ambao kila mmoja yuko nyumba tofauti na zamu tofauti ni kazi ngumu, na uamuzi mwingi wa kila siku hubaki kwa menejimenti. Kiwango cha Medicaid hupangwa na serikali, kwa hiyo ushirika unaweza kugawa kwa haki kilichopo lakini hauwezi kukiongeza kwa kupiga kura. Tena, mfano wenyewe haukuhamishika kirahisi: ushirika ndugu uliofunguliwa Philadelphia mwaka 1993 ulishika mizizi, lakini wa Boston, ulioufuata, ulifungwa baada ya miaka michache. Walimu walikuwa wa chimbuko moja na mtaala ulikuwa wa chimbuko moja, ila soko halikuwa moja.

Kuanza na mteja: Evergreen ya Cleveland

Huko Cleveland, Ohio, mpango ulianzia juu. Mwaka 2008 mfuko wa hisani wa Cleveland Foundation ulikaa pamoja na hospitali za Cleveland Clinic na University Hospitals, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve na jiji lenyewe, hoja ikiwa ni hii: taasisi hizi hununua bidhaa na huduma za fedha nyingi kila mwaka, nazo zimezungukwa na mitaa ambayo vijana wake hawana kazi. Zisipohama, nazo haziwezi kuhama kama kiwanda kinavyohama, basi ununuzi wao unaweza kuwa nguzo ya biashara zinazomilikiwa na wakazi. Kiwanda cha kufulia mashuka na mavazi ya hospitali kilifunguliwa mwaka 2009, ikafuata kampuni ya paneli za jua, na mwaka 2013 banda kubwa la kioo la kuotesha mboga za majani.

Mfanyakazi huingia kwa kipindi cha majaribio, wenzake humpigia kura, na akikubaliwa hununua hisa ya dola 3,000 kwa makato ya senti 50 kwa kila saa ya kazi, jambo linalochukua kama miaka mitatu. Shirika mama lililo juu ya biashara zote hushughulikia hesabu, sheria na mafunzo ya uongozi, na limewekwa pia ili kuzuia wanachama wa kizazi kimoja wasije wakauza walichokikuta. Nimeona watu wakiulalamikia mpangilio huu kwamba unawanyima wafanyakazi usemi wa mwisho. Lalamiko hilo lina uzito, lakini mtu aliyeshuhudia mali ya chama cha msingi ikiuzwa na kamati ya watu watano hatalipuuza kusudio la mpangilio huo.

Evergreen iliwafanyia wanachama wake jambo ambalo sijaliona kwingine kwa uwazi ule: ikawasaidia kununua nyumba katika mitaa yao kwa makato ya mshahara, nyumba zilizokuwa zimeachwa na kukarabatiwa. Kwa mfanyakazi, hati ya nyumba huonekana haraka zaidi kuliko gawio la mwisho wa mwaka.

Hata hivyo, somo kubwa la Cleveland ni la subira. Hospitali zilizosimamia kuzaliwa kwa kiwanda cha kufulia zilikuwa tayari na mikataba na makampuni mengine, na kwa miaka ya mwanzo kiwanda kiliishi zaidi kwa nyumba za wazee na wateja wadogo. Mwaka 2018, miaka tisa baada ya kufunguliwa, ndipo Cleveland Clinic ilipoukabidhi ushirika huo uendeshaji wa kiwanda chake kikubwa cha kufulia, na ajira zipatazo mia zikaongezeka kwa mpigo. Ahadi ya mteja mkubwa iliyotolewa mezani haikuwa mkataba, na kundi ambalo lisingekuwa na mfuko tajiri nyuma yake lisingeweza kuisubiri.

Kuanza na wazo: chuo cha ushirika cha Green Worker Cooperatives

Turudi South Bronx. Mwaka 2003 Omar Freilla, mwanaharakati wa mazingira wa mtaa huo, alianzisha Green Worker Cooperatives. Mradi wa kwanza ulikuwa duka kubwa la vifaa vya ujenzi vilivyookolewa kutoka majengo yanayobomolewa, ReBuilders Source, lililofunguliwa mwaka 2008 baada ya miaka ya matayarisho na kufungwa muda mfupi baadaye. Shirika ndilo lililokuwa na wazo, likatafuta fedha, kisha likatafuta watu wa kulimiliki. Kutokana na hilo waliugeuza mpango miguu juu: mwaka 2009 wakafungua chuo ambacho washiriki huja kama timu, na wazo lao wenyewe, wakafunzwa kwa miezi kadhaa jinsi ya kuandika mpango wa biashara, kuandaa katiba, kufanya uamuzi kwa pamoja na kusoma mahesabu, huku wakipata msaada wa wanasheria na wabunifu wa nembo na tovuti.

Miongoni mwa waliopitia hapo ni Caracol, ushirika wa wakalimani, na mfano huo unawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mahakama, shule na zahanati za miji yenye wakimbizi huhitaji wakalimani wa Kiswahili kila wiki, na aghalabu wakala wa katikati hubaki na sehemu kubwa ya malipo. Watu watano wenye vyeti vya ukalimani hawahitaji kiwanda wala leseni ya afya. Wanahitaji jina, katiba, utaratibu wa kugawana zamu na mtu wa kupokea simu, na hayo yote hufundishika darasani.

Njia hii ndiyo ya bei nafuu na yenye heshima zaidi kwa akili ya mshiriki, na ndiyo yenye hatari kubwa ya kuishia kwenye makaratasi. Timu huhitimu, hupiga picha, na baada ya hapo kila mmoja hurudi kwenye zamu yake ya usiku kwa sababu kodi ya nyumba haingoji biashara ichangamke. Asiye na ujuzi unaouzika tayari hatapewa ujuzi huo na chuo cha ushirika, kwani chuo kinafundisha kumiliki, hakifundishi ufundi. Mazingira ya jiji nayo huchangia: mwaka 2014 baraza la jiji la New York lilitenga dola milioni 1.2 kusaidia mashirika yanayokuza ushirika wa wafanyakazi, na fungu hilo likaendelea miaka iliyofuata. Kundi lililo katika mji usio na fungu kama hilo lisijipimie kwa kasi ya New York.

Kuanza na ujuzi: shamba la New Roots, Lewiston

Mfano wa nne ni mdogo kuliko yote, nao una damu ya pwani yetu. Wabantu wa Somalia ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na baadhi yao wamekihifadhi Kizigua mpaka sasa. Walipopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, wengi wakajikuta Lewiston, mji wa viwanda vya zamani vya nguo katika jimbo la Maine. Walikuwa wakulima tangu bonde la Juba, huko Somalia. Kwa miaka mingi walilima vipande vya kukodi chini ya mpango wa mafunzo wa shirika la Cultivating Community, wakijifunza majira mafupi ya kaskazini, masoko ya wakulima na utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka 2016 wakulima wanne wakajitenga na kuunda New Roots Cooperative Farm, kwenye ekari 30 za shamba lililokuwa la ng'ombe wa maziwa, wakisaidiwa na Cooperative Development Institute katika mambo ya muundo, sheria na fedha.

Hapa mafunzo ya ushirika yalikuja mwisho, baada ya wanachama kujuana msimu baada ya msimu, kila mmoja akijua nani huchelewa kupalilia na nani haibi mizani. Hakuna semina inayoweza kutoa ujuzi wa aina hiyo. Mtu anaweza kusema wanne ni wachache mno, lakini nafikiri uchache ndio uliowawezesha kuanza. Jambo jingine lililohitaji kuangaliwa ni riba, kwa kuwa Mwislamu anayeikwepa huuona mkopo wa kawaida wa shamba kama mlango uliofungwa. Anayewasaidia makundi ya namna hii hana budi kuyajua mapema mambo ya ununuzi wa awamu na ukodishaji unaoishia umilikini, asije akayagundua siku ya kutia saini.

Zikiwekwa pamoja

Kwa fedha za kuanzia, njia ya wazo ndiyo nyepesi na ya mteja mkubwa ndiyo nzito. Kiwanda cha kufulia cha hospitali hakianzishwi kwa michango ya upatu, wala banda la kioo la ekari tatu na zaidi. Kwa upande wa mwanachama, namna ya kulipia hisa haitofautiani sana, kwani dola 1,000 za Bronx na dola 3,000 za Cleveland zote hukatwa kwenye mshahara ambao ushirika ndio unaoulipa. Makato hayo yanawezekana kwa sababu mshahara upo tangu siku ya kwanza. Katika njia ya wazo mshahara haupo, kwa hiyo mchango wa mwanachama ni muda wake, na muda ni ghali zaidi kwa maskini kuliko hisa.

Lugha ni kipimo ambacho wafadhili hukisahau. Ushirika wa wahudumu wa Bronx hufundisha kwa Kihispania kwa kuwa wanafunzi ni wengi vya kutosha kulipia mwalimu wa lugha hiyo. Katika mji wenye familia mia mbili za Kikongo hesabu hiyo haitoki, na kundi litalazimika kufundishwa kupitia mkalimani. Vikao vya katiba kupitia mkalimani huchukua muda mara mbili, na maneno kama ziada, akiba isiyogawanywa na akaunti ya mtaji ya mwanachama lazima yakubaliwe kwa Kiswahili kabla ya kikao, si katikati yake. Lewiston walipita vizuri zaidi hapa kwa sababu somo lenyewe lilikuwa shambani, ambako mengi huonyeshwa kwa mkono.

Kuhusu madaraka, Lewiston na wahitimu wa chuo cha Bronx ndio wanaoamua mengi zaidi kwa vinywa vyao, Cleveland ndiyo yenye mikono mingi ya nje, na wahudumu wa Bronx wako katikati. Ila madaraka yasipimwe kwa wingi wa vikao tu. Mhudumu aliyehakikishiwa saa za kazi, anayeijua hesabu ya kampuni na kuwachagua wajumbe wengi wa bodi anaweza kuwa na sauti kubwa kuliko mwanachama wa kundi la watu watano ambalo halijapata mteja.

Nani achague ipi

Kundi dogo lenye ujuzi unaolipwa tayari, wakalimani, mafundi wa nywele, walezi wa watoto wenye vibali, litafute chuo cha aina ya Green Worker Cooperatives na kuingia kama timu kamili, huku kila mmoja akibaki na ajira yake mpaka wateja wa kudumu wapatikane. Wanaosafisha nyumba wanaweza pia kujiunga na mtandao uliopo: huko New York, Up & Go, jukwaa la kuagizia usafi lililoanzishwa mwaka 2017 na kumilikiwa na vyama vya ushirika vya wasafishaji, huacha asilimia 95 ya malipo kwa wanaofanya kazi.

Njia ya Cleveland siipendekezi kwa chama cha jamii kinachoanza peke yake. Ikiwa hospitali au chuo kikuu cha mji wenyewe ndicho kilichokuja kubisha hodi, chama kikubali mazungumzo lakini kisiajiri mtu yeyote kabla ya mkataba wenye kiasi, bei na muda.

Wakulima wakae kwenye mpango wa mafunzo misimu mitatu au minne kabla ya kusajili chochote, hata kama mfadhili ana haraka ya kuandika ripoti.

Linabaki kundi la ukumbi wa kanisa, ambalo wengi wake ni wahudumu wa wazee. Kwao njia ya Cooperative Home Care Associates ndiyo inayolingana na maisha yao, kwa kuwa kazi wanaijua, mahitaji yapo, na hisa inaweza kulipwa kwa makato. Kikwazo ni leseni ya wakala wa huduma za nyumbani, ambayo majimbo mengi huidai na ambayo huchukua muda na wanasheria. Ningewashauri wasianze kwa kuiomba wenyewe. Kwanza waulize kama ndani ya jimbo lao kuna wakala mdogo ambaye mmiliki wake anakaribia kustaafu na hana wa kumwachia, kwa sababu kuinunua kampuni yenye leseni, wateja na watumishi, kwa mkopo unaolipwa kutokana na mapato yake yenyewe, huwapunguzia miaka. Wakikosa, waingie kama wanachama katika ushirika uliopo, wakajifunze uendeshaji kutoka ndani. Na shirika lolote linalojitokeza kuwafundisha waliulize, kabla ya kuuliza mafunzo yatachukua wiki ngapi, nani atakuwa akija ofisini kwao kusoma vitabu vya hesabu pamoja nao katika mwezi wa kumi na nane tangu kuanza, na mshahara wa mtu huyo unalipwa na nani.